Mafuta ya Mise Usoni Mwangu

Wadogo zangu wawili walipokuwa wanagawana vitu vya mama, vitenge, sufuria, redio na lile sanduku la bati, mimi niliomba chupa. Ni chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ya nusu lita, kizibo chake si chake, na ndani yake yalikuwa yamebaki mafuta ya mise kama robo. Walinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nikawaambia ndiyo, hiyo hiyo, nikaifunga ndani ya khanga mbili isije ikanivujia safarini. Sasa iko Dodoma, kabatini, nyuma ya kopo la unga, na kila nikiifungua narudi kuwa na miaka kumi na mitatu, umri ambao sijawahi kuutamani hata siku moja.

Kwa asiyekulia kwetu, mchikichi hutoa mafuta mara mbili. Nyama ya tunda hutoa mawese, yale mekundu ya kupikia. Kokwa yake ikikaushwa na kupasuliwa, kiini kikakaangwa na kutwangwa, yanatoka mise, meusi, yenye harufu ya kitu kilichoungua kidogo halafu kikaokolewa. Mama aliuza yote mawili sokoni Kigoma, na nyumba yetu ya Bangwe ilinuka yote mawili, pamoja na dagaa wa majirani walioanikwa mchangani chini yetu. Baba alikuwa fundi wa injini za maboti na muda mwingi alikuwa mahali ambapo injini ilikuwa imeharibika. Kwa hiyo kwetu mwenye nyumba alikuwa mama, na mama alikuwa mikono.

Nasema mikono kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Sikumbuki akiniambia kwamba ananipenda, wala sidhani kama mama yeyote wa mtaa wetu alikuwa na muda huo. Alichokuwa nacho ni asubuhi. Kila siku kabla ya shule aliketi kwenye kigoda mlangoni, ananiita, ananibana katikati ya magoti yake, anamimina mise kiganjani, anasugua viganja mpaka yapate moto, kisha ananipaka uso. Paji, mashavu, kidevu, nyuma ya masikio, shingo, halafu anarudia tena paji. Alinipaka kwa nguvu, kichwa kikawa kinayumba.

"Mtoto wa muuza mafuta atoke amepauka?" alikuwa akisema. "Watu watanunua nini kwangu?"

Nilitoka pale nang'aa kama sufuria mpya, na wanawake wa jirani waliniona nikipita wakaagiza chupa kwa mama. Nilijiona mtu muhimu katika biashara. Sikujua kwamba zile dakika mbili za magotini ndizo nilizokuwa nazishikilia kuliko kitu kingine chochote, maana mtu hajui kwamba ameshikilia kitu mpaka kitikiswe.

Kisha uso wangu ukaanza vituko. Kwanza vidoa vyeusi puani, vidogo, kama vile mtu amenirushia unga wa mkaa. Halafu vipele vyeupe kwenye paji. Halafu vyekundu mashavuni, vinavyouma, na vingine vyenye usaha kwenye ncha, na siku moja niliamka na kidevu kimebeba kitu kigumu chini ya ngozi ambacho hakikuwa na mdomo wala njia ya kutokea. Nilikiminya kwa kucha mpaka machozi yakatoka, na kesho yake kikawa kikubwa zaidi na kikaleta mwenzake.

Kila mtu alijua sababu yake, na kila mtu alijua yake. Jirani alisema ni samaki wa ziwani, migebuka ina mafuta mengi. Mwalimu wa sayansi alisema ni uchafu, nioge. Niliogea sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikakakamaa, na vipele havikujali. Mama alisema ngozi yangu imekosa mafuta, akaongeza kunipaka na jioni. Kwa hiyo nikawa napata magoti yake mara mbili kwa siku, na sitasema uongo, sehemu moja ndani yangu iliona chunusi zina faida.

Aliyeniharibia ni shangazi Tatu, dada yake baba, ambaye alikaa kwetu msimu mzima ule akisubiri mumewe amwombe radhi. Shangazi Tatu alikuwa na jibu la kila kitu. Siku moja tunachambua mchele uani alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akacheka kwa pua.

"Mawe! Zuhura, hivi vyote ni nani?"

"Nani kivipi, shangazi?"

"Usinifanye mjinga. Msichana akivunja ungo akaanza kumuwaza mwanaume, mawazo yanakosa pa kukaa. Yanatokea usoni. Wazo moja, kipele kimoja." Akanihesabia kwa kidole, taratibu. "Huyu kijana unamuwaza sana. Mama yako asijue. Mama wa yule binti wa kule juu alipojua ya binti yake, hakumgusa tena hata kwa kumpokea kikombe."

Sijui kama alikuwa ananitania. Nadhani alikuwa ananitania. Lakini alisema huku anachambua mchele, bila hata kuniangalia, na jambo likisemwa hivyo mtoto huliona ni kweli kabisa. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba kijana alikuwepo.

Aliitwa Hamisi, na kazi yake shuleni ilikuwa kugonga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Aligonga kwa nondo, mkono mmoja mfukoni, kama mtu asiye na haraka na dunia. Siku moja aliniazima kalamu yake ya bluu wakati wa mtihani wa majaribio. Sikumrudishia. Hakuikumbuka, na mimi niliificha ndani ya godoro, nikawa naitoa kuitazama. Hayo ndiyo mapenzi yetu yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwenzangu hakuwa na habari.

Basi nikaanza hesabu. Jioni nilihesabu nimemuwaza Hamisi mara ngapi, asubuhi nilihesabu vipele vipya kwenye kioo cha baba cha kunyolea. Mara nyingine vililingana, na nilishika kichwa. Mara nyingine havikulingana, nikaona kwamba pengine kuna mawazo yanayochelewa njiani. Nilijaribu kutomuwaza kabisa, lakini ili usimuwaze mtu ni lazima ukumbuke ni nani huyo usiyetakiwa kumuwaza, na nikajikuta namuwaza mpaka wakati wa kula. Nilijaribu kumuwaza akiwa mzee, hana meno, anakohoa. Kesho yake kiliota kipele puani, kikubwa kuliko vyote. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akipewa kanuni ya uongo huifanyia kazi kwa bidii kuliko kanuni ya kweli.

Na kila mama aliponibana magotini nilikuwa nafumba macho. Uso wangu ulikuwa mikononi mwake. Alikuwa anapapasa siri zangu zote kwa viganja, moja baada ya nyingine, na siku atakayojua anapapasa nini, mikono ile ingeondoka. Hilo ndilo lililokuwa linaniamsha alfajiri.

Mama mwenyewe ndiye aliyeamua tuende kwa tabibu, baada ya vile vigumu vya kidevuni kuwa viwili na kuanza kunizuia kutafuna. Tuliongozana kwa miguu mpaka kituo cha afya. Tabibu alikuwa kijana mgeni, wa kutoka mikoa ya mbali, Kiswahili chake kimenyooka mno, na siku hiyo alikuwa na mwanafunzi wa uuguzi anayemfundisha. Alinikalisha kwenye kiti dirishani, akawasha tochi ndogo, akanishika taya kwa vidole viwili. Kisha akaanza kusoma uso wangu kwa sauti.

"Andika," alimwambia mwanafunzi. "Puani, vichwa vyeusi, vingi. Paji la uso, vichwa vyeupe, kumi na tano, kumi na sita. Shavu la kulia, vipele vyekundu tisa. Vyenye usaha vinne. Shavu la kushoto, vyekundu saba." Akasogeza tochi. "Kidevuni, vinundu viwili. Hivi ndivyo vya kuangalia. Vipo chini sana na vinaacha makovu."

Mtu huyu alikuwa anajua. Shangazi alihesabu tu kwa jumla, lakini huyu alikuwa anayagawa mawazo yangu kwa aina, vyeusi upande huu, vyeupe upande ule, na mwanafunzi anaandika, na mama amekaa hatua mbili kutoka hapo ameshika mkoba wake magotini. Nilielewa mara moja vinundu viwili ni nini. Cha kwanza ni siku Hamisi aliponiazima kalamu. Cha pili ni siku nilipoificha. Na ili mambo yawe wazi kabisa, kalamu aliyokuwa anaandikia mwanafunzi ilikuwa ya bluu.

Tabibu alinieleza, namshukuru mpaka leo, hata kama sikumsikia. Alinichorea kijitundu cha ngozi kwenye karatasi, mfano wa kisima kidogo chenye unywele katikati. Alisema katika umri wangu mwili hutengeneza mafuta kwa wingi chini ya ngozi, kijitundu kinaziba kwa mafuta hayo na ngozi iliyokufa. Kikiziba na mdomo ukabaki wazi, kinaonekana cheusi, na weusi huo si uchafu. Mdomo ukifunga, kinakuwa cheupe. Vijidudu vikizaliana humo ndani panavimba na kuwa pekundu, pengine usaha, na ukiminya unausukuma ugonjwa chini ndipo vinundu vinapotokea. Alisema yote haya kwa upole, akinitazama machoni. Mimi niliona ni mtu mwenye heshima zake, anazunguka ili asinitaje Hamisi mbele ya mzazi.

"Umenielewa?" aliuliza.

"Ndiyo, daktari. Sitarudia."

Alinikodolea macho kidogo. Kisha akaniambia nikasubiri nje kwenye benchi, anataka kuongea na mama.

Mlango ulifungwa. Nilikaa pale nikitazama buibui kwenye ukuta na kungoja dunia iishe. Nilisikia sauti ya tabibu, ndefu, na sauti ya mama, fupi. Alipotoka, mama alikuwa ameshika karatasi ya dawa kwa ncha za vidole, na alikuwa anajifuta viganja kwenye kitenge, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hakunitazama. Tulichukua dawa dirishani, tukarudi nyumbani, na njia nzima alitembea mbele yangu. Alipokuwa anavuka barabara hakunyoosha mkono nyuma kunishika, jambo ambalo alikuwa hajawahi kuacha kulifanya, hata nilipokuwa nimeshamzidi urefu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mlangoni. Kigoda kilikuwa kimeegemezwa ukutani.

"Nawa uso kwa ile sabuni ya hospitali," mama alisema kutoka jikoni. "Taratibu, usisugue. Halafu nenda shule."

Nilitoka nimepauka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuhisi upepo wa ziwa kwenye ngozi kavu, na niliuchukia.

Dawa zilikuwa mbili. Kapsuli za kumeza baada ya kula, kwa maji mengi, na krimu nyeupe ya kupaka jioni uso mzima, kiasi cha njegere, si zaidi. Mama alikuwa ananiwekea kapsuli kwenye kisahani, anakisukuma kwenye meza kuja upande wangu, kisha anarudisha mkono wake haraka. Krimu nilijipaka mwenyewe. Wiki ya kwanza uso uliwaka na kubanduka kama karatasi, wiki ya tatu nikaona hakuna nafuu, na foronya yangu ya maua mekundu ikaanza kupauka pale ninapolalia shavu, maua yakawa ya njano, halafu meupe. Hiyo krimu hula rangi ya nguo, sasa najua, hata kwenye karatasi yake imeandikwa. Wakati ule niliamini ni mawazo yanachuruzika kutoka kichwani. Mama alipoiona foronya aliishika ukingoni, akaitazama, akairudisha kitandani. Nilitamani anipige.

Nikaamua kutubu. Nilimfuata Hamisi kwenye rimu yake nikampa kalamu.

"Ya nani hii?" aliuliza.

"Ya kwako. Uliniazima."

"Mimi?" Aliigeuza geuza. "Haiandiki hata. Kaa nayo."

Jioni nilimkuta mama anapima mawese kwenye chupa, nikasimama mbele yake nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mshtakiwa.

"Mama, nimeirudisha kalamu."

"Kalamu gani?"

"Ile."

Aliinua macho kutoka kwenye chupa. "Haya," alisema. "Sogea kidogo, usije ukajipaka mafuta." Nilisogea. Nikaenda kulia nyuma ya nyumba, na hata nilipokuwa nalia sikuwa na hakika nalilia nini hasa.

Kwenye wiki ya nane uso ulitulia. Vyekundu vilisinyaa, vyeusi vikapungua, vile vinundu vikalainika na kuacha alama mbili ambazo ninazo mpaka leo. Shangazi Tatu, kabla hajarudi kwa mumewe, alinigeuza tena kwenye mwanga akasema, "Umemsahau, eh? Vizuri." Watu walinisifu, na mimi sikuelewa kabisa nilichokuwa nasifiwa. Uso wangu ulikuwa umepona na mama yangu alikuwa ameondoka, na alikuwa ameondoka huku yupo palepale, ananipikia, ananifulia, ananilipia ada. Kigoda hakikurudi mlangoni. Nilikua hivyo. Nilisoma, nikaajiriwa mbali, nikawa mtu wa kusalimia kwa simu, na yeye akawa mtu wa kujibu kwa kifupi. Sikuwahi kumuuliza. Kuna maswali ambayo ukiyaacha miaka mingi huwa aibu kuyatoa.

Mwaka jana aliugua figo, na mimi nikachukua likizo nikaenda kumuuguza. Ngozi yake ilikuwa imekauka mpaka inatoa unga, anajikuna usiku na mchana. Asubuhi moja aliniambia nilete chupa ya mise kutoka chini ya kitanda. Nikamimina kiganjani, nikasugua viganja mpaka yakapata moto, bila hata kufikiri, nikampaka uso. Paji, mashavu, kidevu, nyuma ya masikio. Alifumba macho.

"Kumbe bado unajua," alisema.

Na hapo, sijui kwa nini hapo, nikamuuliza. "Mama, kwa nini uliacha?"

Hakuuliza aliacha nini. Hilo ndilo lililonivunja, kwamba hakuuliza.

"Yule tabibu aliniuliza, huyu mtoto anapakwa nini? Nikamwambia mise, asubuhi na jioni, nampaka mwenyewe. Akasema, mama, mafuta haya mazito yanaziba ngozi yake, yanamwongezea. Asiguswe nayo tena usoni." Alijikuna shingo. "Zuhura, mimi nilikuwa nashika mawese na mise kutwa nzima. Naosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga wa ziwani, nikinusa bado yapo. Mikono ya muuza mafuta haiishi mafuta. Ningekugusa na nini?"

"Sasa si ungeniambia!"

"Ningekuambia kwamba uso wako nimeuharibu mimi? Na ulikuwa unaning'ang'ania kila asubuhi?" Akafungua jicho moja. "Wewe ulidhani nini?"

Nikamwambia. Shangazi, wazo moja kipele kimoja, Hamisi, kalamu, vinundu viwili. Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua nikamshika mgongo, na aliendelea kucheka huku anakohoa, anasema, "Mawe, Hamisi! Hamisi wa kengele! Yule mwenye masikio!" Tulicheka wote wawili mpaka mdogo wangu akaja kuchungulia mlangoni.

Alipotulia alinyoosha mikono yake miwili. Nilidhani anataka nimlaze. Akayachukua mafuta yaliyobaki viganjani mwangu, akayasugua kwenye vyake, polepole kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba, akanivuta. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mwanamke mzima wa miaka arobaini na ushee, nikaweka uso wangu pale.

"Daktari wako asijue," alisema, akanipaka.

Siku ya tatu kipele kilinitoka kidevuni, chekundu, kigumu, karibu na zile alama za zamani. Kwenye mkoba nilikuwa na ile krimu nyeupe, mimi sisafiri bila hiyo krimu. Sikuipaka. Tulipomzika mama wiki ile, kipele kilikuwa bado kipo, kinauma nikikigusa, na wanawake waliokuja kunipa pole walidhani nimeshika kidevu kwa majonzi.